Kamusi Inaishia S

Mimi, Kordula Namkumbe, katibu,
nafungua daftari niandike kikao cha mwisho.
Waliohudhuria: wanne.
Ajenda: hakuna aliyeileta.

Januari tulikuwa kumi na saba
katika chumba cha nyuma ya karakana ya useremala, Ndanda,
vumbi la mninga likitua juu ya vitenzi.
Wengine walidhani ni chama cha kupanga safari.
Wawili walifuata maandazi ya siku ya kwanza,
wakayala, wakashukuru, wakaenda kwenye mpira.

Mwalimu Mchopa, wa fizikia,
alitutangulia kwa ukurasa mmoja tu.
Umeme ukikatika usiku
kesho yake tunakuwa sawasawa, yeye na sisi,
mlangoni pa sentensi, hodi, hodi,
hakuna mwenye ufunguo.

Kitabu kimoja. Kamusi moja,
nayo mchwa walikwishaisoma kabla yetu:
kuanzia T hawakubakiza hata mkato.
Hatukuwa na neno la ardhi, wala la wakati,
wala la njia, wala la uhai.
La mwisho kusalimika ni *syllaba*,
limetafunwa mkia.

Lakini tulikuta *mensa*, tukapiga makofi:
meza! Imepita kwa Wareno, imechoka njiani,
imeangusha n, imekuja kukaa jikoni kwa mama.
Tukakuta *schola*, ndiyo shule.
Bosko akasoma kwa sauti
kwamba kwa Wagiriki, huko ilikotoka,
maana yake ilikuwa mapumziko.
Nasi tangu saa kumi na mbili asubuhi
tulikuwa tukipalilia mikorosho ya shule.
Tulicheka mpaka seremala akagonga ukuta.

Na Somoe Mnyachi, kiti cha karibu na dirisha:
“Wao wanasema *amabimus*, neno moja.
Sisi twasema tutapenda, neno moja.
Sasa nani alituambia hii ndiyo lugha ngumu?”
Akachora mishale ubaoni, *-bi-* ile, *-ta-* hii,
wakati ujao umefichwa ndani ya neno,
si kama korosho
inayoning'inia nje ya bibo lake.
Mwalimu akanakili mchoro ule.
Niliona. Hakujificha.

Oktoba baba yake Somoe akapata kazi ya mizani
ghalani, Nachingwea.
Alitaka kutuaga kwa Kilatini.
Akafunua kamusi mpaka mwisho,
akakuta jalada na unga wa mchwa.
Mwaka mzima tulijua kusalimiana,
*salve*, kila Jumatano, *salve*, kwa mbwembwe,
hakuna aliyewahi kuuliza watu wale
waliondokaje.

Tukatoka, sote, mpaka makaburini kwa watawa,
huenda mawe yanalijua neno.
Fulgensi akakwangua ukungu kwa ukucha.
Mawe yalisema apumzike kwa amani,
jiwe baada ya jiwe, apumzike, apumzike.
“Mimi sijafa,” Somoe akasema,
“naenda Nachingwea tu.”
Akafunga kamba ya begi lake
akatusalimu upya, *salvete*,
kama ndiyo kwanza amefika,
akashuka kuelekea barabarani.

Yatokanayo.
Mkuu wa shule ameuliza kama Kilatini kinalika.
Tumejibu kwamba tumekula mwaka mzima.
Hakuna aliyefeli, kwa kuwa hakuna mtihani.
Fedha iliyobaki, shilingi mia nane,
tumenunulia dawa ya mchwa. Haikutosha.

Mengineyo.
Somoe ameandika kwenye simu ya Mwalimu:
kule amekuta kamusi nzima, hadi Z.
Neno lile analo.
Anauliza alitume?
Kura zikapigwa.
Waliokataa: Bosko, Fulgensi, katibu.
Mwalimu hakunyanyua mkono,
alikuwa akifuta ubao
ambao haukuwa na kitu.

Kikao kimefungwa saa kumi na moja na robo.
Seremala aligonga ukuta,
ingawa hakuna aliyekuwa amecheka.